Maoni ya Mazi Fidelis Kuhusu Filamu za Mkewe

Katika mtaa mzima wa Uwani, mjini Enugu, hakuna mtu aliyezidharau filamu za nyumbani kama Mazi Fidelis Aneke. Alikuwa amefundisha jiografia ujana wake wote na utu uzima wake wote, na dharau yake ilikuwa ya kiualimu: hakuzitukana, alizisahihisha. Kila Jumamosi alasiri mkewe Akuoma alijinyoosha kwenye kochi refu, sahani ya abacha, muhogo uliokunwa na kuungwa, tumboni, akaweka diski yake. Na kila Jumamosi Mazi Fidelis alipita sebuleni kama anayekwenda uani, akasimama nyuma ya kochi muda wa kutosha kuharibu starehe.

"Huyu bwana si ametoka Enugu anakwenda Kalaba?"

"Baba Nwamaka, pita zako."

"Sasa mbona anavuka daraja la Niger? Daraja hilo linampeleka magharibi. Kalaba iko huku! Huyu atafika Lagos."

"Basi na afike. Hawara yake yuko Lagos."

"Takataka," angesema Mazi, akaenda zake uani. Huko, kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, alisikiliza mpaka mwisho.

Kisha Nwamaka, binti yao wa pekee, akajifungua huko Houston, Marekani. Kwa Waigbo mama hangoji kuitwa mara mbili kwa jambo hilo. Akuoma alifunga samaki wakavu, pilipili na viungo vya mchuzi wa mzazi, akaenda kufanya omugwo: kumkanda mwanawe, kumwogesha mjukuu, kumfundisha mwenye mtoto namna ya kuwa mama. Ilikuwa safari ya miezi mitatu. Kwenye uwanja wa ndege Mazi alimbebea mkoba hadi mlangoni, akamwambia, "Miezi mitatu ni nini? Mimi nimekaa bweni tangu sijaota ndevu."

"Usile mkate tu," Akuoma akamwambia.

Wiki za kwanza aliufaidi utulivu. Alisoma gazeti hadi matangazo ya vifo. Alilala mchana bila kuulizwa kama anaumwa. Lakini utulivu nao una kiasi chake. Ukizidi hugeuka kimya, na kimya hakina adabu. Mazi akaanza kulisikia friji. Lilinguruma, likanyamaza, likakohoa kidogo kama mzee anayetaka kusema jambo, na siku moja akajikuta analiambia, "Pole." Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi za alasiri, alifungua kabati la diski za mkewe, akatoa ya kwanza iliyomjia mkononi. Alitaka kelele tu, si zaidi.

Iliitwa *Sufuria ya Mama Mkwe*. Mazi aliitazama akiwa amesimama nyuma ya kochi, mahali pake pa siku zote, mpaka miguu ikamuuma. Ndipo akazunguka akakaa. Filamu ilipokwisha akachukua simu. Houston ilikuwa bado asubuhi.

"Mama Nwamaka, hivi huyu mama mkwe ana akili?"

"Mama mkwe gani?"

"Wa sufuria. Anatia sumu kwenye mchuzi, dirisha wazi, pazia wazi, halafu anasema kwa sauti, 'Sasa nitamuua mke wa mwanangu!' Anamwambia nani? Jirani yuko hapo nje anaanika nguo!"

Akuoma akacheka. Akuoma alikuwa na kicheko kinachoanzia mbali, kama gari linalopanda kilima, na kilipofika juu mtoto akaamka akalia. "Fidelis Aneke," akasema akihema. "Umetazama muvi. Wewe!"

"Nilikuwa napita."

"Unapita hadi mwisho?"

Basi ikawa desturi. Filamu alasiri, maoni jioni. Mazi hakuwa mjuzi wa mambo hayo na hakujidai kuwa mjuzi, alisema alichokiona. Juu ya ile ya mfalme aliyelaaniwa alisema kwamba laana ingemwingiaje mtu aliyekalia kiti cha plastiki, na wazee wa baraza wote wamevaa saa za mkononi ilhali ni zama za kabla ya Mzungu. Juu ya ile ya wanafunzi wa chuo kikuu wanaopendana alisema kijana ameachwa, analia, mvua inamnyeshea yeye peke yake, na nyuma yake jua linawaka na kuku wanaparua. Ile ya mzimu aliipenda. "Mzimu amekufa, lakini kabla ya kuvuka barabara anatazama kulia na kushoto," alimwambia mkewe. "Huyo amelelewa vizuri. Walio hai wa hapa Uwani hawatazami."

Na kila jioni kicheko kilipanda kilima. Mazi akaanza kutazama filamu akiwa na sikio lake moja Houston: hili litamchekesha, hili nitalitia chumvi kidogo. Hata zilizomhuzunisha alizipika upya zikawa kichekesho kabla ya kupiga simu.

Miezi mitatu ikawa sita. Nwamaka alikuwa amerudi kazini, na mtoto angeachiwa nani? Kisha Nwamaka akashika mimba nyingine. Akamtengenezea mama yake vibali vya kukaa. Mazi naye aliitwa, tena mara mbili. Alijibu kwamba nyumba ikiachwa tupu Enugu hurithiwa na mijusi. Ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Ukweli mwenyewe ni kwamba alikuwa anangoja abembelezwe, na huko Houston watu walikuwa na kazi nyingi mno za kufanya hata wakakosa nafasi ya kumbembeleza mzee wa watu.

Mwaka wa tatu ulipoingia alitazama filamu iliyoitwa *Nilikungoja Obollo*. Mke anakwenda Kotonou kununua vitambaa, harudi. Mume anakwenda stendi ya Obollo kila siku, na shati lile lile, kutazama nani anashuka. Jioni hiyo Mazi alimpigia Akuoma akiwa na hasira.

"Mjinga yule! Mjinga wa mwisho! Anasimama stendi kama nguzo ya umeme. Kwa nini asipande gari amfuate?"

"Labda hana nauli."

"Nauli anayo. Amemnunulia mpiga debe bia! Ana kiburi tu, basi. Anataka mke ashuke garini amkute amesimama pale, aone aibu."

Akuoma hakucheka. Upande wa pili maji yalikuwa yanatiririka na watoto wawili wanagombania kitu. "Baba Nwamaka, nitakupigia," akasema. Hakupiga siku ile.

Simu zikawa fupi. Akuoma alimweka kwenye kipaza sauti akiwa anaosha chupa za watoto, na akaitikia kama mtu anayeitikia ibada: "Eee. Eee. Kisha?" Jioni moja Mazi akamjaribu. Alikuwa anamsimulia filamu nyingine ya mfalme, katikati akasema, "Basi mfalme akasimama, akapaa, akaenda mwezini."

"Eee," akasema Akuoma. "Kisha?"

Mazi akahamishia simu sikio la pili. Nje mwuza mafuta ya taa alikuwa anapita akigonga debe lake.

"Kisha ikaisha," akasema.

Hakumlaumu. Alijiambia mwanamke yuko kazini, watoto wawili si mchezo. Lakini kuanzia hapo alipotazama filamu hakujua tena anamtazamia nani. Aliacha kufungua mapazia ya sebule, maana mwanga ulikigonga kioo cha televisheni. Na hata alipokuwa hatazami aliyaacha yamefungwa.

Mwezi wa nne wa mwaka huo mwanamke mmoja alibisha geti. Aliitwa Ijendu, mtayarishaji wa filamu, mfupi, mwenye sauti ya mnadi bidhaa. Alisimama katikati ya sebule akageuka taratibu, akaona kochi refu, kabati la vyombo, picha ya harusi iliyopauka upande mmoja, kiti cha mianzi cha Akuoma karibu na dirisha.

"Baba, naitaka hii nyumba," akasema. "Nimezunguka Enugu nzima. Huko mtaa wa New Haven wananionyesha marumaru na taa za kuning'inia. Mimi nina hadithi ya mume na mke waliochakaa pamoja. Nyumba yako inaonekana watu wameishi humu."

Mazi akasema atamwuliza mwenyewe. Jioni akampigia Akuoma, naye akajibu haraka, mtoto yuko bafuni: "Fanya unavyoona. Ila kabati la vyombo wasiliguse."

Wakaja. Lo! Nyumba ambayo friji ndilo lililokuwa msemaji ikajaa watu. Nyaya sakafuni, jenereta uani, msichana wa vipodozi amegeuza meza ya chakula kuwa saluni, mpiga picha amelala chali chini ya dirisha. Asubuhi walimwamkia "Baba, umeamkaje?" watu kumi na zaidi, mmoja mmoja, na Mazi akaanza kunyoa kila siku. Mchana mpishi wao alipakua wali kutoka sufuria kubwa kama ya harusi, na hakuna aliyekula kabla yeye hajapewa.

Na maoni yake, ambayo Houston yalikuwa yanaoshwa pamoja na chupa, hapa yaligombaniwa. Mwongozaji alitaka mke akimbie akalie kitandani, Mazi akainua mkono kama mwanafunzi. "Samahani. Katika nyumba hii mwanamke akitaka kulia haendi chumbani. Anakwenda jikoni, anawasha moto, anasingizia moshi."

Wote wakamgeukia.

"Lakini jiko ni la gesi, Baba," akasema mwongozaji.

"Ndiyo. Anasingizia hivyo hivyo."

Wakacheka, na tukio likahamia jikoni.

Mwigizaji aliyekuwa mke aliitwa Ebele, mwanamke wa makamo mwenye macho yaliyochoka vizuri. Walimvika kitenge kipya chenye kumeta. Mazi akatikisa kichwa. Mwanamke wa nyumba hii, alisema, hawezi kuingia jikoni na nguo ya kwenda kanisani. Akaenda mwenyewe chumbani, akafungua sanduku la Akuoma, akatoa kitenge cha buluu kilichofifia kwa kufuliwa. Ebele alipokifunga kiunoni na kuinama kuchochea mchuzi, Mazi alitoka nje akasimama karibu na jenereta, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kumsemesha.

Hata sehemu akapewa. Katika kikao cha wakwe, yeye angekuwa mjomba wa upande wa mke, na angesema neno moja: "Mwanamke haondoki nyumbani bila kusikilizwa." Alilifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafu, siku ya kupigwa picha akalisema vizuri, watu wakapiga makofi. Nusu ya mtaa wakajua kwamba Mazi Fidelis ameingia kwenye filamu.

Kisha kazi ikaisha. Walikunja nyaya, wakarudisha kochi mahali pake, wakafagia. Ebele alimpa kitenge kimefuliwa na kukunjwa. "Baba," akamwambia, "asante kwa kutukaribisha. Usikae na njaa, nakuomba." Gari lao lilipokwisha kupinda kona, Mazi alifunga geti, akaingia ndani. Alikuwa amekizoea kile kimya cha zamani; hiki kilikuwa kingine. Alikaa kwenye kochi na shati lake la mjomba mpaka kuku wa jirani wakaingia bandani.

Filamu ilitoka kipindi cha mvua, ikaitwa *Chumba cha Kati*. Ijendu alimjulisha itaonyeshwa kwenye televisheni Jumapili alasiri, na kwamba walioko ng'ambo wataipata kwenye simu zao. Mazi akampigia mkewe siku tatu kabla, akampigia tena siku moja kabla. "Nitaitazama," Akuoma akasema. "Nimekuambia nitaitazama. Nwamaka atachukua watoto."

Jumapili hiyo alitoka misa, akala, akakaa. Ilikuwa hadithi ya mume na mke ambao hawajagombana kamwe, na hawajazungumza pia. Mume ni mtu wa mizaha. Kila jambo analifanyia mzaha. Mke anahamia chumba cha kati, kisha siku moja anachukua begi lake. Mazi alitafuta makosa kama kawaida yake, hakuyaona. Au labda alisahau kuyatafuta. Aliona mwanamume mgeni anavua viatu kwenye mlango wake. Aliona kitenge cha buluu kinapita jikoni. Kikao cha wakwe kilipofika alisogea mbele ya kochi. Wakwe wakaongea, wakanyamaza, kikao kikaisha. Neno lake lilikuwa limekatwa. Kilichobaki cha mjomba ni kiwiko, pembeni mwa picha, kimeegemea meza.

Hilo halikumuuma sana. Kilichomuuma kilikuja mwishoni. Mke amekwisha ondoka, na kamera inakitazama kile kiti cha mianzi karibu na dirisha. Hakuna muziki, hakuna neno, ni kiti tu na mwanga unaopungua nyuma ya pazia. Mpiga picha yule, mtoto wa juzi, alikitazama kiti cha Akuoma kwa makini kuliko Mazi alivyowahi kukitazama Akuoma akiwa amekikalia.

Simu ikalia kabla majina hayajaisha kupita.

"Nani amempa yule mwanamke kitenge changu?"

"Ni mimi," akasema Mazi.

"Kile ni cha mazishi ya mama yangu. Kilikuwa chini kabisa ya sanduku. Hukuona vyote vya juu?"

Alikuwa hajui. Alikuwa amekichagua kwa sababu kilikuwa kimefifia. "Nisamehe," akasema. "Nilidhani ni cha jikoni."

Akuoma akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nyuma yake hapakuwa na maji wala watoto. "Wakati anapika nimemtazama mgongo," akasema. "Nikajiona mimi. Nikasema, huyu Akuoma mbona yupo nyumbani, na mimi niko wapi? Na sebule yangu. Mbona giza vile? Mapazia yamefungwa muvi nzima. Lile giza ni la muvi, au ndivyo unavyoishi?"

Mazi alikuwa na jibu la mzaha. Lilikwisha fika ulimini.

"Ndivyo ninavyoishi," akasema.

"Tangu lini?"

"Sijui. Tangu zamani kidogo."

"Na hukuniambia?"

"Nakupigia kila siku, Akuoma."

"Unanipigia kuniambia muvi! Unanichekesha. Nakata simu namwambia Nwamaka, baba yako huko anakula maisha, ametulia, anatazama muvi na kucheka. Kila nilipotaka kurudi nikasema, Fidelis yuko sawa, nisubiri mtoto atembee. Mficha maradhi, Baba Nwamaka! Ulitaka nijue kwa nani, kwa Ijendu?"

"Na wewe husikilizi," akasema Mazi, sauti ikimpanda. "Nilikuambia mfalme amepaa ameenda mwezini. Ukaniambia 'kisha'."

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Nilisikia mfalme ameenda mwezini. Nikadhani ndivyo muvi ilivyo. Kwa muvi zetu, mfalme kwenda mwezini ni ajabu?"

Kicheko kikaanza mbali, kikapanda, na safari hii Mazi akapanda nacho, akacheka mpaka akashika ubavu. Lakini kilipofika juu, kicheko cha Akuoma hakikushuka kama kicheko. Mazi akamsikia analia. Hakuwa na kitu mkononi ila simu.

Akuoma akamweleza, polepole, mambo ambayo naye hakuwa ameyasema. Kwamba Nwamaka na mumewe wanatoka alfajiri na kurudi jioni wamechoka kama magunia. Kwamba barabara ya mbele ya nyumba hupita magari tu, mtu wa miguu humwoni, angalau umsalimie. Kwamba mjukuu mkubwa anamjibu kwa Kiingereza cha puani. Kwamba aliacha kutazama filamu tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu akisikia Kiigbo alasiri, siku inakuwa ndefu hata haiishi. "Ndiyo maana nilikuwa naosha chupa ukinisimulia," akasema. "Nikikaa nikusikilize vizuri, nitapanda ndege."

"Basi panda," akasema Mazi.

Alikuja Krismasi. Mazi alikuwa amefua mapazia mwenyewe na kuyatundika upande usio wake, ndani nje. Akuoma aliyaona kabla ya kukaa. Alikuwa amenenepa usoni na kukonda mikono. Kwa wiki ya kwanza mwili wake ulibaki Houston: mchana alisinzia, alfajiri alikuwa jikoni akipanga vyombo. Majirani walikuja wakamshangilia, akagawa sabuni na chokoleti, akacheka na wote.

Jumamosi waliweka filamu. Alijinyoosha kwenye kochi, sahani ya abacha tumboni, na Mazi akakaa miguuni pake badala ya kusimama nyuma. Kulikuwa na gari lililotoka Aba likaingia Abuja kabla dereva hajabadili gia. Mazi aligeuka kumwambia. Akuoma alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, uma bado mkononi. Akauchukua ule uma taratibu, akaitazama filamu hadi mwisho, na kosa lile hakumwambia mtu.

Simu ya Akuoma ndiyo iliyoharibu, au labda ndiyo iliyosema kweli. Kila alasiri ililia, na uso wa mjukuu mkubwa ukajaa kioo: "Bibi, unakuja?" Na Akuoma, kwa Kiingereza chake kilichokwisha anza kupita puani, alijibu, "Nakuja, mpenzi wangu. Nakuja." Mazi alilisikia neno hilo kutoka uani, dirisha likiwa wazi. Kwake, Akuoma alikuwa amekuja. Kumbe kwa wengine alikuwa bado anakuja.

Siku chache baada ya mwaka mpya, wakiwa wanamenya viazi vikuu, Mazi aliweka kisu chini.

"Baki," akasema.

Hakuwa amewahi kumwambia mkewe neno fupi kama hilo bila kulivika nguo. Akuoma alitazama maganda mapajani mwake.

"Wale watoto wawili, Fidelis. Wa pili hata kuzungumza bado. Nwamaka akiachwa peke yake sasa ataanguka."

"Najua."

"Miaka miwili. Mitatu labda. Wakianza shule." Alimshika kiganja, chake kikiwa na wanga wa kiazi. "Njoo wewe. Sikukubembeleza zamani, nilidhani hutaki. Sasa nakubembeleza. Njoo."

Alikuwa amelingoja neno hilo tangu mwaka wa kwanza. Sasa lilipokuja aliliona dogo, na lenye haki, na halikumponya. Alifikiri barabara isiyo na watu wa miguu. Alijiona dirishani huko, wazee wawili badala ya mmoja, wanangoja watu warudi kutoka kazini.

"Nitafikiri," akasema.

Akuoma akaitikia kwa kichwa. Walikuwa wameoana muda mrefu. Alijua neno hilo lina milango mingapi. Wakaendelea kumenya.

Aliondoka siku ya Jumatano, vumbi la upepo wa harmattan limetanda, milima ya Udi haionekani. Kwenye uwanja wa ndege Mazi alimbebea mkoba hadi mlangoni, na safari hii hakusema lolote la bweni. Walishikana mikono kama watu waliokutana mkutanoni, kisha Akuoma akarudi hatua, akamkumbatia mbele ya walinzi, kwa nguvu, hata kofia ya Mazi ikaanguka.

Wiki iliyofuata alivaa suti yake ya kustaafia, akaenda ofisi ya uhamiaji kuomba pasipoti. Alikaa kwenye benchi katikati ya vijana, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na nchi yake kichwani. Msichana wa kamera alimwambia inua kidevu, Mzee, usitabasamu. Hakuwa anatabasamu.

"Unakwenda kumtembelea nani huko?" msichana akauliza, kwa kupitisha muda tu, huku mashine ikifikiri.

"Mke wangu," akasema Mazi Fidelis.

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Kijana mmoja kwenye benchi aliinua macho, akayarudisha kwenye simu. Msichana akasema vizuri, sasa tazama hapa. Akamwambia pasipoti itachukua wiki kadhaa, na kwamba viza ni habari nyingine, hilo waulize wenye nchi yao. Mazi akasema anaelewa. Hakujua kama atakwenda. Alijua tu kwamba hataki kuulizwa tena akawa hana hata karatasi ya kukataa nayo.

Alirudi kwa miguu hadi Uwani, vumbi likimjaa kooni, akapita dukani akanunua mkate. Nyumbani alikaa kwenye kiti cha mianzi, akaumega, akala kidogo kidogo bila chai. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Houston bado kulikuwa giza. Aliweka simu juu ya goti, akangoja huko kupambazuke.